Masizi, Mtani wa Marehemu

Siku aliyozikwa Gaudensi Mhapa, msemaji wa kwanza kando ya kaburi lake alikuwa Gaudensi Mhapa mwenyewe.

Alizungumza kutoka ndani ya kioo kirefu kilichosimamishwa juu ya miguu ya mwanzi, mahali ambapo enzi za mababu angesimama mkuu wa ukoo. Alikuwa amevaa shati jeupe ambalo hakuna aliyepata kumwona nalo, na nywele zake zilikuwa zimechanwa vizuri kuliko alivyozichana siku ya harusi yake. "Ndugu zangu wapendwa," alisema, kwa sauti ileile nzito iliyozoeleka kusikika mnarani kila alfajiri, "nawaomba msilie kupita kiasi. Niliteleza kwa uzembe wangu mwenyewe. Kampuni ilinitunza vyema. Sina kinyongo na mtu yeyote, nami nawasihi nanyi msiwe nacho."

Wanawake waliangua kilio. Wanaume waliinamisha vichwa. Kando ya kioo alisimama Bwana Ezron Kabwanga, Afisa Mkuu wa Rambirambi wa Kampuni ya Minara, viganja vimekutana mbele ya koti lake, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza wimbo anaoujua.

Katika Jiji la Mwanzini jambo hilo halikumshangaza mtu. Tangu mito ya nyanda za juu ikauke, jiji lilikuwa likinywa ukungu. Minara ya mianzi ilisimama juu ya kila kilima, imetandikwa nyavu zinazokamata matone, na wapandaji walikuwa wakipanda kutwa kuzisafisha nyavu hizo ili maji yasikome. Kila mpandaji alivaa kishikizo cheusi kwenye ukosi wa koti lake. Kishikizo kilisikiliza sauti yake, kikapima hatua zake na pumzi zake, mpaka kikapata vya kutosha kumuumbia kivuli kitakachobaki akiondoka. Vivuli vilianza kama faraja kwa wafiwa. Baadaye ikatungwa Sheria ya Kauli za Marehemu, vikapewa haki ya kutoa ushahidi. Na kwa kuwa vyote vilitunzwa na Kampuni, haikupata kutokea kivuli kikaishitaki Kampuni.

"Kamwene!" sauti ilinguruma kwa salamu ya Kihehe nyuma ya waombolezaji.

Watu waligeuka kwa pamoja, na mjane, Konsolata, akainuka nusu kutoka mkekani. Sauti ilikuwa ya mumewe. Haikutoka kwenye kioo.

Aliyekuja alikuwa amevaa koti jeusi la kazi la Gaudensi, kofia yake ngumu na viatu vyake vikubwa. Alikuwa akiburuta kidogo mguu wa kushoto, kama alivyouburuta marehemu tangu alipovunjika kifundo. Uso wote, kuanzia paji hadi shingoni, ulikuwa umepakwa masizi. Huyo alikuwa Reinfrida Tawete, mchora katuni kwa kazi, Mngoni kwa ukoo, na kwa hiyo mtani wa marehemu. Mngoni akifiwa, Mhehe huja kumchekesha. Mhehe akifiwa, Mngoni huja. Mtani huvaa nguo za aliyekufa, huigiza mwendo wake na maneno yake, humtukana mbele ya ndugu zake, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia, kwa sababu kazi yake ni kuwarudisha wafiwa kwenye uhai kwa kicheko pale machozi yanapotaka kuwachukua.

"Nani amekufa hapa?" aliuliza. "Mhehe? Haya, mbwa wa mtaa huu leo watalala usingizi, mlaji wao hayupo."

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa wazee, kikavu, kama mlango uliokwama ukifunguka. Reinfrida alijitupa mkekani karibu na mjane. "Mke wangu, mbona umekaa? Nimetoka kazini nimelowa, pombe yangu ya ulanzi iko wapi? Au umekwisha nitafutia mrithi?"

"Potelea mbali," alisema Konsolata, machozi yakimtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie, alicheka.

Ndipo Reinfrida alipokiendea kioo. Alikizunguka, akalikagua lile shati. "Na wewe uliyevaa kama mwalimu wa kwaya, nani?"

"Mimi ni Gaudensi Mhapa," kilijibu kivuli.

"Wewe? Gaudensi aliyeogopa maji ya baridi, akalowa ukungu mara moja kwa wiki akadai amekwisha oga?"

"Asante kwa maneno yako, Dada Reinfrida. Nimefurahi kwamba umefika."

Mtu mmoja, mahali fulani katikati ya wanawake, alirudia polepole: "Dada?"

Tangu wafahamiane, Gaudensi hakuwa amemwita Reinfrida dada hata mara moja. Alimwita Mngoni. Alimwita mtoro, mkimbizi, mla vya njiani, na akiwa na furaha sana alimwita majina ambayo hayaandikiki. Reinfrida akasogea hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Nijibu, Mhehe! Babu yako alimkimbia babu yangu akaacha hata mkuki. Alikimbia mpaka kivuli chake kikabaki nyuma kikimwita!"

"Ninayaheshimu makabila yote," alisema kivuli, "na ninaamini katika umoja."

Msiba mzima ulilipuka. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Walicheka wakilia, wengine wakijipiga mapaja. Wataalamu wa Kampuni walikuwa wamechuja kutoka katika kishikizo kila kilichoitwa lugha isiyofaa kazini, na pamoja na matusi hayo wakawa wamemchuja Gaudensi mwenyewe. Baba wa marehemu, mzee aliyekuwa hajatamka neno tangu asubuhi, alinyoosha mkono wake kuelekea kioo.

"Huyo si mwanangu," alisema. "Mwanangu angekwisha mjibu."

Bwana Kabwanga alibonyeza kitu, kioo kikafifia. Hakukasirika. Aliinamia sikio la Reinfrida kwa adabu kamili. "Mmecheka, ni vizuri," alisema. "Lakini sheria, mama, haihitaji akujibu. Inahitaji aseme tu. Na amekwisha sema."

*

Yafaa ieleweke Masizi alikuwa nani kabla ya siku ile, kwa maana pale kaburini vijana wapandaji walikwisha anza kulinong'ona jina hilo.

Masizi alikuwa mtu wa wino. Reinfrida alimchora katika vijitabu vya karatasi ya mwanzi, vilivyouzwa sokoni na kusomwa hadi vikachanika: mtu mrefu mwenye koti jeusi na uso wa giza, atembeaye juu ya minara wakati wa ukungu mzito na kuwashukia wakubwa waliodhulumu. Hakuwa na huruma, wala hakuwahi kucheka. Hata yale masizi yalikuwa na maelezo yake. Macho ya jiji, yaliyotundikwa kila kona, husoma nyuso kwa mwanga ambao binadamu hauoni, unaogonga ngozi na kurudi. Masizi ya mwanzi uliochomwa huumeza mwanga huo usirudi, na palipo na mtu jicho huona mahali patupu. Reinfrida alikuwa amelijaribu jambo hilo kwa uso wake mwenyewe kabla ya kulichora, kwa sababu hakupenda kuwauzia watu kitu asichokithibitisha.

Kitu kimoja kilimshinda. Wasomaji walimuuliza Masizi alitoka wapi, naye hakujua. Gaudensi ndiye aliyemsumbua kuliko wote. "Mtu gani huyu hana mama, hana kwao, hata ugali hali?" alikuwa akisema, kijitabu mkononi, mdomo umejaa mahindi ya kuchoma. "Njaa ingekwisha mmaliza kabla ya adui zake. Au ni Mngoni? Maana Mngoni aliondoka kusini akachoka njiani, akasema hapa ndipo nilipokuwa nakwenda."

"Ni Mhehe," Reinfrida alimjibu. "Ndiyo maana simchori akila. Wenye mbwa wataninyima soko."

Kesho yake ya mazishi, alasiri, Reinfrida aliketi jikoni kwa Konsolata pamoja na Exaveri, mdogo wake marehemu, naye mpandaji. Exaveri alikuwa ameleta kipande cha kamba. Kwa nje kilikuwa kinang'aa kama kipya. Alikikunja kwa vidole viwili, kikafunguka katikati, kikatoa unga wa kijivu uliolowa.

"Zimesokotwa kwa nyavu zilizochakaa," alisema. "Ukungu unapenya ndani, kamba inaoza kuanzia moyoni, ngozi inabaki nzuri. Huwezi kujua mpaka ikukatikie. Kaka ilimkatikia. Kesho napangiwa mnara uleule."

"Na mkikataa kupanda?" aliuliza Reinfrida.

"Tukatae kwa hoja gani? Kaka amesema ni uzembe wake. Anayegoma kwa ajili ya kamba anamwita marehemu mwongo, na hilo ni kosa mbele ya sheria. Anafukuzwa, na jina lake linafungiwa kila mnara."

Konsolata alikuwa akichochea moto usiohitaji kuchochewa. Alizungumza bila kugeuka. "Jana ulipopiga ile kamwene, niliinuka nikuchukulie bakuli. Ulijua? Mikono yangu ilikwisha sahau kwamba amekufa." Aliweka kijiti chini. "Ghala la Vivuli linafunguliwa kwa mwendo na sauti. Kivuli kinachotumika mlango wake haufungwi, na cha Gaudensi bado wanakitumia. Kauli mpya inafuta ya zamani. Una koti lake na kishikizo chake. Ingia, useme kwa sauti yake."

"Niseme nini?"

"Sema kamba zilikuwa zimeoza. Sema alimweleza Kabwanga, na Kabwanga akamrudisha juu."

Reinfrida alimtazama. "Alimweleza Kabwanga?"

Exaveri aliangalia sakafu.

"Aliniambia mimi," alisema Reinfrida. "Tukiwa tumekaa pale kwa muuza mahindi. Alisema, kamba hizi, Mngoni, zimeoza kuliko meno ya babu yako. Akacheka. Kesho yake akapanda."

"Basi si ni kweli zimeoza!" Konsolata aligeuka, macho mekundu. "Wao wamemtia mdomoni uongo mtupu. Wewe nakuomba umtie kweli na tone moja tu la kuizidishia. Kwa tone hilo Exaveri ataishi. Unapima nini?"

Reinfrida hakuweza kumwambia alikuwa akipima nini, kwa kuwa hakujua. Alichukua koti.

*

Aliingia Ghalani siku ileile, saa ambayo makarani walikuwa wametoka kunywa chai. Hapakuwa na mlinzi. Nani angeiba vivuli? Palikuwa na ukumbi mrefu, sakafu yake laini kama ngozi, na sakafu hiyo ndiyo iliyokuwa bawabu: ilisoma uzito wa kila hatua, ilivyotua na ilivyonyanyuka, kwa kuwa mtu aweza kubadili nguo na jina lakini ni vigumu sana kuubadili mwendo. Reinfrida alivuta pumzi, akauacha mguu wa kushoto ukawie.

"Mpandaji, jitaje," ilisema sauti ya ukutani.

"Gaudensi Mhapa," alisema kwa sauti ya yule aliyelala kaburini.

"Karibu, Gaudensi Mhapa. Hujaonekana siku kadhaa."

Mlango ulifunguka. Damu ilimwenda mbio Reinfrida, si kwa hofu ya kukamatwa. Ni kwamba kwa nukta moja alikuwa amefurahi, kama mtu aliyesikia habari njema kumhusu rafiki yake.

Ndani kilikuwa chumba kidogo chenye kiti na kioo. Kioo kiliwaka, na Gaudensi akatokea, na shati lake jeupe. Safari hii hakuwa akizungumza. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, macho yamemwelekea Reinfrida, na alikuwa akingoja, jinsi mgonjwa asiye na nguvu anavyongoja kijiko.

"Toa kauli yako," ilisema sauti. "Kauli hii itafuta iliyotangulia."

"Mimi, Gaudensi Mhapa," alianza.

"Mimi, Gaudensi Mhapa," kilisema kivuli, midomo ikienda sambamba na yake, na macho yakakunjamana kidogo pembeni kama yalivyokunjamana ya mwenyewe.

"Kabla ya kuanguka," alisema Reinfrida.

"Kabla ya kuanguka."

Akasita. Lililobaki lilikuwa fupi. Nilimweleza Bwana Kabwanga. Aliitazama ile sura tiifu na akaona kwamba ingesema. Ingesema hilo, na kesho ingesema jingine, na mtu wa tatu akija na mwendo mzuri zaidi ingesema la kwake. Na kila litakalosemwa litapigwa mhuri kuwa ni neno la Gaudensi. Naye Gaudensi wa kweli, yule aliyejua kamba zimeoza, akacheka, akapanda kwa sababu alikuwa mkaidi na jasiri na mjinga kwa pamoja, yule asingepatikana tena mahali popote. Kampuni ilimfanya mzembe. Reinfrida alikuwa akitaka kumfanya shujaa. Wote wawili walikuwa wamemwondoa kitini wakakaa wao.

Aliwaza habari ya Exaveri na kamba iliyofunguka kati ya vidole vyake. Aliwaza hilo kwa uzito wote, wala hakujidanganya kwamba ni jambo jepesi.

"Kauli haijakamilika," ilisema sauti.

Reinfrida aliirudia sauti yake mwenyewe, ya kike, yenye lafudhi ya Ungoni. "Nisamehe, mtani," alikiambia kile kioo. "Nilikuja kukufanya mtu mwema."

"Sauti haitambuliki," ilisema sauti ya ukutani, na kwa mbali kengele ikaanza kulia. Reinfrida alitoka akitembea, mwendo wake mwenyewe sasa, uso wake mweusi ukiyapita macho ya ukumbini moja baada ya jingine bila hata moja kumwona.

Alimkuta Konsolata mlangoni. Hakuhitaji kuulizwa.

"Umemwogopa Kabwanga," alisema Konsolata.

"Nimemwogopa Gaudensi."

"Gaudensi yuko chini ya udongo! Exaveri ndiye anayepanda kesho! Unabaki na dhamiri yako safi, umeivaa kama gauni la Pasaka, na mimi nimzike wa pili?" Alifunga mlango, kisha akaufungua tena. "Nilidhani wewe ni mtani. Kumbe mtani wa mdomo." Akaufunga kabisa.

Reinfrida alisimama nje kwa muda mrefu. Lilikuwa neno la haki. Kukataa kwake kulikuwa safi, na kulikuwa hakujamwokoa mtu. Alijua kwamba hangerudi Ghalani. Jambo hilo lilikwisha katika moyo wake na halikuwa na mjadala. Lakini Konsolata, kwa hasira yake, alikuwa amemkumbusha swali ambalo hakuwa ameliuliza: mtani asiye wa mdomo tu, msibani, hufanya nini?

*

Kulipopambazuka, kituo cha ulinzi cha Kampuni kilipokea taarifa ambayo haikuwahi kupokewa kabla yake. Macho ya mnara mkubwa yaliripoti kwamba kamba zilikuwa zikitoka zenyewe katika chumba cha vifaa. Zilining'inia hewani, zikasafiri hadi katikati ya uwanja, zikajilundika.

Wapandaji waliokuwa wakifika kwa zamu ya asubuhi hawakuwa na macho ya mitambo, na kwa hiyo waliona vizuri. Waliona mtu mwenye koti jeusi na uso wa masizi akiburuta mguu wa kushoto, akibeba kamba begani, anazitua, anarudi kuchukua nyingine, huku akinung'unika kwa sauti ya Gaudensi Mhapa kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Mwanzoni walicheka. Mmoja akasema, "Masizi huyo, kashuka kwenye kitabu." Lakini alipoileta kamba ya mwisho, akapanda juu ya lundo lile, akakaa na kukunja miguu, kicheko kilikatika, kwa sababu hapo kila mmoja wao alielewa.

Mtani ana haki moja iliyo kubwa kuliko ya kutukana. Aweza kukishika chombo cha msiba: jembe la kuchimbia, jeneza lenyewe, hata mlango wa nyumba. Akikwisha kukishika, hakuna wa kumnyang'anya, awe mfiwa au mkuu. Shughuli yote husimama mpaka kikombolewe, na yeye ndiye anayetaja kikombozi.

"Nimezishika," alisema Reinfrida, safari hii kwa sauti yake mwenyewe, ili pasiwe na mtu wa kudai kwamba alidanganywa. "Mimi Reinfrida Tawete, mtani wa Gaudensi Mhapa. Sigomi, mimi si mpandaji. Sitoi ushahidi, mimi si marehemu. Nimeshika kamba za msiba."

Exaveri, mkanda wa kupandia tayari kiunoni, alisimama mbele yake. "Wanakuja," alimwambia kwa sauti ya chini. "Ondoka, mtani. Watakuumiza."

"Waje. Wewe fungua huo mkanda, unakubana tumbo la Kihehe."

Bwana Kabwanga alifika na askari wake, koti limefungwa vibaya, vishikizo vimepandana. Alitazama lundo, akatazama wapandaji waliosimama mikono mitupu, akatazama nyavu zilizokuwa juu, nzito kwa uchafu, matone yakianza kupotea kwa jua.

"Umemwigiza marehemu nje ya msiba," alisema. "Haki ya sura na sauti ya Gaudensi Mhapa ni ya Kampuni. Unajua adhabu yake?"

"Bwana Kabwanga, anayeigiza hujulikana kwamba anaigiza. Waulize hawa kama kuna aliyedhani kwamba mimi ni Gaudensi. Sasa waulize kile kivuli chako, chenye shati jeupe, kilikuja kumwigiza nani, na kiliwaambia watu kwamba ni nani."

Minong'ono ilipita katika uwanja. Kabwanga alibadili hoja. Hakuwa mtu mjinga. Alisogea, akaongea kama mzazi. "Mama, tazama juu. Nyavu zisiposafishwa leo, kesho mabomba yatatoa upepo. Kuna hospitali chini pale. Kuna watoto. Watalala na kiu kwa ajili ya mchezo wako."

Hilo lilimchoma, na hakulificha. Aliinua macho akazitazama nyavu.

"Ni kweli," alisema. "Na kiu hiyo mimi nitaulizwa, hapa na mbele ya Mungu. Nitajibu. Kikombozi changu ni chepesi, hata hakichukui nusu saa. Chagua kamba yoyote katika hizi. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Ujifunge, upande hadi wavu wa juu, ushuke. Ukishuka, nazitoa zote, nanawa uso, unanifunga pingu. Watoto watakunywa maji, na wewe ndiye utakayekuwa umewachotea."

"Mimi si mpandaji."

"Utafundishwa. Wako hapa walimu wazuri, kasoro mmoja."

"Mwondoeni," Kabwanga aliwaambia askari.

Hapo ndipo kundi lilipofunguka upande wa lango, na Konsolata akaingia, kitambaa cha msiba kichwani, miguu peku. Hakumtazama Kabwanga. Alipita katikati ya askari kama anayepita katikati ya samani, akaenda hadi kwenye lundo, akamtazama Reinfrida kwa uso ambao ulikuwa haujasamehe.

"Sogea," alisema.

"Zinachafua nguo."

"Nimesema sogea. Umetawanyika kama uko kwenu Songea."

Reinfrida alisogea. Mjane akapanda, akakaa juu ya kamba zilizomuua mumewe, akakiweka sawa kitambaa chake. Askari aliyekuwa mbele, mtu mzima mwenye mvi masharubuni, alishusha rungu lake.

"Mzee," alimwambia Kabwanga, "hapa pana msiba. Mfiwa amekaa. Mimi wa kumnyanyua mfiwa sijazaliwa."

"Msiba ulikwisha juzi!"

"Juzi tulizika," alisema askari. "Kwisha ni jambo jingine."

Exaveri alikuwa wa kwanza kufungua mkanda. Aliutua chini kwa uangalifu, kama mtu anayetua mzigo wenye vyombo. Mwingine akafuata, na mwingine, hadi uwanja ukajaa milio ya vyuma vikigusa udongo. Hakuna aliyepiga kelele wala kutaja neno la kugoma. Walikuwa wapandaji wasiokuwa na kamba. Nani angeweza kuwalaumu?

Reinfrida aliinama, akavuta kamba moja kutoka katika lundo, iliyokuwa ikimetameta kuliko zote, akaitupa. Ilitua juu ya viatu vya Bwana Kabwanga. Wapandaji waligawanyika pande mbili, kwa heshima zote, wakamwachia njia pana na tupu hadi kwenye kipandio cha kwanza cha mnara.

Alikitazama kile kipandio. Akaitazama kamba. Juu, ukungu ulikuwa ukizidi kuyeyuka, na kila aliyekuwapo alikuwa akimtazama yeye, wakiwamo askari wake mwenyewe.

Hakuinama kuiokota. Na kwa kuwa yeye hakuinama, hakuna mtu aliyepanda.